Ndege wako Makueni, pesa ziko barabarani

Msimu wa ndege wahamiaji, tangu Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili, magari ya watalii husimama Sultan Hamud, Makueni, mapema, jua likiwa bado chini. Dereva anaongeza mafuta. Wageni wanakwenda msalani, wananunua chai na ndizi, darubini zikiwa tayari zimening'inia shingoni. Kisha wanarudi kwenye barabara kuu ya Mombasa, ama wakatizie Emali kwenda Amboseli, ama wanyooke hadi Mtito Andei na Tsavo Magharibi. Kwa mji huu, biashara ya kutazama ndege huanza na kuisha katika kituo hicho kifupi.

Mwelekezi mmoja wa hapa aliomba jina lake lisitajwe, kwa kuwa bado anategemea simu za madereva wa Nairobi. Ndege aliwajua akichunga mbuzi, hakusomea. Alinionyesha daftari la shule lililokunjamana pembe: safu ya kwanza majina ya Kikamba, ya pili ya Kiingereza, ya tatu siku na mahali. Penye kozi wa Amur ameandika: Desemba, baada ya mvua, juu ya nyaya za stima, kumbikumbi wengi. Kozi huyo hutoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, akapita India na kuvuka bahari bila kutua, akielekea kusini mwa Afrika. Huku kwetu anashushwa na kumbikumbi wa mvua za vuli. Mtu anayejua ni shamba gani kumbikumbi watatoka kesho jioni ana ujuzi ambao mgeni yuko tayari kuulipia.

Ila malipo hayamfikii. Anasema hupigiwa simu usiku wa kuamkia safari, akutane na gari kando ya barabara, aonyeshe vichaka asubuhi nzima, halafu apewe ujira wa kibarua. Mgeni amekwishalipa wiki nyingi kabla, kwa dola, kwa kampuni iliyo mbali. Akidai zaidi huulizwa cheti. Mitihani ya waelekezi ina ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na hata ya shaba ina ada, nauli na siku ambazo mtu wa kibarua hana. Darubini ya maana nayo inapita bei ya mbuzi wanne. Yake ni ya kuazima. Makampuni hujitetea kwamba gari, leseni na bima ni mzigo wao, na hilo ni kweli. Lakini sijapata aliyenieleza kwa nini mzigo huo umalize mpaka haki ya anayemwona ndege kwanza.

Ukiuliza upande wa serikali utapewa takwimu. Afisa mmoja anayehusika na utalii alinitajia watu milioni 96, hesabu ya watazama ndege wa Marekani katika utafiti wa serikali yao wa 2022. Hoja yake ni kwamba tukimpata mmoja tu katika kila elfu, hao ni wageni 96,000, na Ukambani nzima itapata kazi. Hesabu ya kugawanya ni sahihi. Tatizo ni kwamba wengi katika hao milioni 96 hutazama ndege wa uani kwao, dirishani, na hawana haja ya tiketi ya ndege. Uingereza nako, hesabu ya ndege wa bustanini inayofanywa kila Januari tangu 1979 haimtoi mtu nyumbani. Mapenzi ya ndege ni jambo moja, safari ya Kenya ni jambo lingine. Nilipouliza ni wangapi wamelala Makueni kwa ajili ya ndege, nilirudishiwa ile milioni 96.

Si kwamba bidhaa haipo. Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa usiku wa ukungu, wakanaswa kwa nyavu laini, wakavishwa pete mguuni na kuachiliwa. Na kuna zogoyogo wa Hinde, ndege asiyepatikana nje ya Kenya, ambaye makao yake yanaifikia Ukambani. Mtazamaji wa dhati huvuka bahari kwa ajili ya ndege kama huyo. Kwa sehemu kubwa, ndege mwenyewe haishi kwenye hifadhi yenye lango na tiketi. Anaishi kwenye vichaka vya mabonde, pembezoni mwa mashamba ya watu. Mkulima akifyeka kichaka apande mahindi au achome makaa, ndege amekwenda, na hakuna aliyemlipa mkulima akiache.

Hapo ndipo penye uamuzi wote, kwa maoni yangu: kwa wenyeji wanaoishi na ndege. Mfano upo. Kijiji cha Pangti, Nagaland, India, kiliwahi kuwanasa kozi wa Amur kwa nyavu na kuwauza kama nyama. Baada ya picha za mauaji ya 2012 kusambaa, wenyeji waliacha, na wageni wakaanza kuja kuwatazama. Ndege ni walewale wanaotua kwenye nyaya zetu.

Vikundi vya Wakenya wenyewe, hasa vijana wa Nairobi wenye programu ya simu inayotambua milio, vimeanza kuonekana Jumamosi. Hulipa kidogo, lakini humlipa mwelekezi mkononi, na hurudi. Huenda soko likakulia hapo kabla ya kwingine, ingawa nauli ikipanda hao ndio wa kwanza kukosekana. Wenye vyumba vya kulala wageni mjini bado wanategemea madereva wa malori. Mwelekezi wangu ana namba za simu za watu wawili wa kundi moja, ameziandika nyuma ya daftari. Walimwambia awapigie siku atakapoona kumbikumbi.