Nyumba ya Wageni na Haki ya Jirani

Kumkirimu mgeni ni wajibu unaojulikana katika kila nyumba ya Kiislamu. Lakini siku hizi yuko mgeni wa namna nyingine. Huyu haji kwa jamaa yake, wala habishi hodi mlangoni pa mtu. Huja kutoka mbali kuitazama nchi, hulipia malazi yake, kisha huenda zake. Ndiye tumwitaye mtalii. Basi yatupasa kuuliza: nyumba anayojengewa mtalii yaweza kuwa kheri kwa mwenyeji, au ni kumkaribisha mgeni kwa kumtoa mwenye nyumba?

Swali hili haliwahusu watu wa pwani peke yao. Kinampanda, katika nchi ya juu ya Iramba mkoani Singida, inajulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu kuliko kwa utalii, maana watalii wengi hupita mbali kaskazini wakielekea Serengeti na Ngorongoro. Hata hivyo Iramba ina mengi ya kutazamwa. Chini, upande wa magharibi, iko mbuga ya Wembere, ambamo ndege wa majini huzaliana kwa wingi mvua zikiwa njema. Maji yake huelekea Ziwa Kitangiri, wanakopata wavuvi riziki yao. Na karibu na mji wa Singida yako maziwa ya Singidani na Kindai, ambako heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, hukusanyika. Siku atakapofika mtu na ramani mkononi akitafuta mahali pa kujenga nyumba ya wageni, wazee watamjibu nini? Ni bora kujifunza mapema kwa wale waliokwisha kuulizwa.

Wa kwanza ni wavuvi wa Pemba. Magharibi ya Chake Chake kiko kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri, ambaye wao humwita Hadhara, alifika hapo akaomba msala wa kusalia. Alipoukosa, akasema kisiwa chenyewe kilichoelekea kibla ndicho kitakachokuwa msala wake. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa hiki kwa ajili ya hoteli. Wavuvi, ambao tangu zamani huvua na kupiga kambi huko, walipinga, na mpango ule ukaachwa. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikakifanya kisiwa na bahari yake kuwa eneo la hifadhi, na wavuvi wakashirikishwa katika kulitunza. Sehemu moja ya bahari ilifungwa ili samaki wapate kuzaana, na iliyobaki ikaachwa wazi kwa wavuvi. Watalii wakaruhusiwa kuja kutazama na kulipa ada, na sehemu ya ada hiyo ikatengwa kwa ajili ya vijiji.

Lakini adui mwingine alikuwa baruti. Baruti huua samaki mkubwa na mdogo pamoja, na huvunja matumbawe ambayo ndiyo makazi yao, hata bahari ikabaki kama shamba lililochomwa pamoja na mbegu zake. Ndipo mwaka 1999 Fazlun Khalid, wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Uingereza, alipokwenda kukaa na wavuvi na viongozi wa dini. Mafundisho yalikuwa mepesi: mwanadamu ni khalifa katika ardhi, naye amekabidhiwa amana, kuharibu ni ufisadi, na Uislamu tangu zamani unalo eneo liitwalo hima, linalozuiwa lisitumiwe ovyo kwa maslahi ya wote. Kwa watu wa Pemba mambo haya hayakuwa elimu ngeni. Walikuwa nayo misikitini. Walikumbushwa tu kwamba yanafika mpaka baharini.

Wa pili ni kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na msikiti mdogo kando yake. Miamba yake ya matumbawe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, kwa juhudi za Sibylle Riedmiller, mwanamke wa Kijerumani. Nyumba za wageni hapo ni saba tu. Kisiwa hakina chemchemi ya maji matamu, kwa hiyo kila paa limejengwa kukinga mvua, na maji huhifadhiwa katika birika chini ya sakafu. Umeme ni wa jua. Vyoo havitumii maji. Taka hugeuzwa mboji, wala uchafu hauendi baharini. Walinzi wa miamba walichukuliwa katika vijiji vya wavuvi vya jirani, wakafundishwa. Fedha za wageni hulipia ulinzi huo, na pia safari za watoto wa shule, ambao wengi wao huzaliwa kando ya bahari bila kupata kuyaona matumbawe. Nao samaki waliokulia mahali palipofungwa hawajui mpaka: hutoka nje, wakaingia nyavuni mwa jirani.

Wa tatu ni wafugaji, na hali yao yafanana zaidi na ya bara letu. Katika nchi kavu ya Laikipia, Kenya, Wamasai wa Il Ngwesi walifungua nyumba ya wageni mwaka 1996. Mwenye mali ni jamii yenyewe. Waliweka kando sehemu ya malisho kwa ajili ya wanyama wa porini, na mapato yakasaidia mambo kama karo za watoto.

Hata hivyo tusidhani kwamba biashara hii haina hatari. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, yakiwamo yaliyolindwa vema. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari, nyumba nyingi za namna hii zilikosa wageni, na mishahara ya walinzi ikawa mashakani. Anayeweka tegemeo lake lote kwa mgeni hulala njaa siku mgeni asipokuja. Wako pia wanaoandika neno "hifadhi" mlangoni, na nyuma ya nyumba wanamwaga maji machafu mtoni.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Kinampanda na kwingineko, mtu akija na ramani yake, msimfukuze wala msimkimbilie. Mketisheni, kisha mumwulize mambo matatu. Kwanza, ardhi itabaki mikononi mwa nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndipo mahali pa kusema. Atakayenyamaza siku ya mkutano asilalamike siku ya uzio. Pili, maji atayapata wapi, na taka zake atazipeleka wapi? Katika nchi ya ukame kama Singida, kumwogesha mgeni mara tatu kwa siku ilhali mwanamke wa kijiji anatembea na ndoo kichwani ni israfu iliyo wazi. Tatu, vijana watafanya kazi gani, na fedha za kijiji zitahesabiwa mbele ya nani?

Akiyajibu haya kwa maandishi na mashahidi, kama tulivyoamrishwa kufanya katika madeni yetu, basi huenda nyumba yake ikawa ya baraka. Asipoyajibu, ndege wa Wembere hawajamdai mtu chochote. Waacheni wazaliane kwa amani, nanyi mwendelee kuwalinda.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.