Herufi Zinapokatika Katika Kompyuta: Kisuryani, Kiarabu na Amana ya Nukuu

Imam At-Tirmidhi (Allah amrehemu) ameweka katika Sunan yake mlango juu ya kujifunza Kisuryani. Humo amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimuamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) kujifunza maandishi ya watu wengine, ili barua zisomwe na kuandikwa na mtu mwaminifu. Tangu mwanzo, basi, suala la maandishi lilikuwa suala la amana.

Leo mwanafunzi wa Likombe au Mikindani anayefuatilia asili ya neno akifungua kitabu chenye Kisuryani katika kompyuta, huenda akaona visanduku vitupu, au herufi zilizokatika na kupinduka. Je, kitabu kimeharibika? Mara nyingi hapana. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi bali nambari yake. Herufi za Kisuryani zilipewa nambari katika mpango wa kimataifa wa Unicode mwaka 1999. Ili zisomeke, yanahitajika mambo mawili zaidi: fonti, yaani mkusanyiko wa maumbo ya herufi hizo, na programu inayojua kuziunganisha kutoka kulia kwenda kushoto. Fonti ikikosekana, huja visanduku. Programu ikishindwa kuunganisha, kila herufi husimama peke yake.

Hatari kubwa zaidi iko katika nukta. Katika Kisuryani, "dalath" na "resh" hufanana umbo. Ya kwanza ina nukta chini na ya pili ina nukta juu. Nukta ikihama, D inakuwa R na maana inabadilika.

Sisi watu wa pwani jambo hili linatugusa, kwa sababu wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa ya miswada hiyo, na ng'ambo ya Ruvuma, barua za masheikh na watawala wa pwani wa karne ya 19 zimehifadhiwa mjini Maputo. Kiarabu hakina P wala V. Waandishi wengi wa zamani walitumia ب na ف, na wengine wakatumia پ na ڤ. Msomaji aliyejua lugha alitambua kwa muktadha kama ni "pata" au "bata", "vua" au "fua".

Sasa chukulia mtu ananakili wasia wa zamani. Mwandishi ameandika ڤ, lakini fonti haina herufi hiyo, naye anaweka ف ili kazi iendelee. "Avue" inaweza kusomwa "afue", na atakayekuja baadaye hatajua kama ف ni ya mwandishi wa kwanza au ya mnakili. Ikiwa ni wasia au wakfu, haki ya mtu imo humo.

Wanazuoni wa hadithi walikwishaweka dawa yake, nayo ni muqabala: kulinganisha nakala na asili yake neno kwa neno. Ibn as-Salah (aliyefariki 643 H/1245) ameieleza katika Muqaddima yake. Kwa kompyuta tuifanye hivi:

1. Weka fonti yenye herufi za ziada, mfano Scheherazade au Amiri, kabla ya kuanza kunakili.

2. Usipindue herufi kwa mkono ili zionekane sawa. Zitakaa vizuri hapo, kisha zitapinduka katika kompyuta nyingine.

3. Ukilazimika kubadilisha herufi, andika pembeni kwamba umebadilisha, na uhifadhi picha ya asili.

4. Aya za Qur'an zichukuliwe katika maandishi yaliyohakikiwa, kisha zilinganishwe na msahafu baada ya kuchapwa, irabu kwa irabu.

Kompyuta ni kalamu tu. Dhamana ya kilichoandikwa inabaki kwa aliyeishika. Wallahu a'lam.