Mtapo si Mtende: Ukuzaji wa Mmea wa Kale katika Bustani za Nyeri

Jina mtapo limo katika Kiswahili cha pwani tangu zamani. Hata hivyo, katika bustani za Nyeri, Karatina na Nanyuki, mmea huu aghalabu hudhaniwa kuwa mtende kwa sababu ya majani yake. Kosa hilo la jina huzaa kosa la ukuzaji. Mtapo hauna maua. Mbegu zake hukaa katika koni, na kwa nasaba uko karibu na msonobari kuliko mtende.

Mtapo wa pwani, Encephalartos hildebrandtii, huumizwa na jalidi. Unaofaa nyanda za juu ni Encephalartos tegulaneus, ulioelezwa kisayansi na Melville mwaka 1957. Huu haumei porini popote duniani ila Kenya: katika Milima ya Mathews na juu ya Ololokwe, Samburu, kaskazini mwa Mlima Kenya. Jina la jenasi, lililotolewa na Lehmann mwaka 1834, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mkate ndani ya kichwa, kwani kule kusini mwa Afrika kiini cha shina kilitengenezwa mkate. (Mkate wenyewe ulihitaji uangalifu: mtapo una sumu, hasa mbeguni, na mbwa wa nyumbani hufa kwa kuzitafuna.)

Nyeri, iliyo kwenye kimo cha mita 1,750 hivi, haina upungufu wa mvua. Tatizo ni udongo mwekundu unaoshika maji, nao mtapo huoza shina ukikaa majini. Yafaa basi kuinua tuta na kuchanganya udongo na mchanga na kokoto. Samadi isizidi. Karibu na uso wa ardhi mtapo hutoa mizizi yenye umbo la matumbawe, ambamo huishi bakteria wanaotwaa nitrojeni hewani. Mwenye jembe asiikate akidhani ni ugonjwa.

Mbegu humenywa kwa glavu, huhifadhiwa miezi kadhaa hadi kiinitete kikomae, kisha hulazwa mchangani, nusu ikiwa juu. Mche hupewa chombo chenye kina na kivuli chepesi.

Kuchimba mtapo mkubwa porini ni njia ya mkato inayomaliza mmea usiorudi upesi. Jenasi nzima imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973. Mnunuzi hana budi kumwuliza mwenye kitalu ilikotoka miche yake.

Mitapo ina dume na jike, na uchavushaji porini hufanywa na fukusi maalumu. Bustanini chavua hupelekwa kwa mkono; bila hivyo mbegu huwa tupu. Kwa kuwa jinsia haijulikani hadi koni ya kwanza, pengine baada ya miaka zaidi ya kumi, anayetaka mbegu hupanda miche mitatu au minne pamoja.