Taa ya Injini Husomwa Kabla ya Kufutwa

"Fundi, nifutie tu hiyo taa, nina haraka." Jumamosi iliyopita niliambiwa hivyo mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, hapa Kariobangi Light Industries. Wa nne alikuwa mama mmoja wa Umoja. Taa ya gari lake ilikuwa imeshafutwa mara tano tangu Krismasi, na kila aliyeifuta alilipwa. Naye akataka lile lile, kisha akauliza: mbona mimi nakataa?

Nakataa kwa sababu kufuta ni kupoteza ushahidi. Kompyuta ya injini inapowasha ile taa ya manjano haiandiki namba ya hitilafu peke yake. Huhifadhi pia picha ya hali ilivyokuwa wakati huo: gari lilikuwa kasi gani, injini ilizunguka mara ngapi kwa dakika, maji yalikuwa na joto kiasi gani, petroli ilikuwa inaongezwa au inapunguzwa kwa asilimia ngapi. Kwangu mimi picha hiyo ina thamani kuliko namba yenyewe. Chukua P0171, namba ambayo wenye magari wa mtaa huu wanaijua kama namba ya simu ya nyumbani. Inasema jambo moja tu, kwamba hewa imeizidi petroli. Haisemi kwa nini. Picha ndiyo inayonionyesha kama kosa lilitokea asubuhi gari limesimama getini, injini baridi, au lilipokuwa likishika kasi barabara ya Outering. Hizo ni safari mbili tofauti za kutafuta. Anayefuta namba huifuta na picha, na haipatikani tena.

"Lakini fundi, ilizima wiki nzima!" Nalisikia hili kila siku, na ndilo linalowapotezea watu pesa. Hitilafu nyingi haziwashi taa mara ya kwanza zinapoonekana. Kompyuta huziweka kando kama tuhuma, halafu husubiri kuziona tena katika safari nyingine ndipo iwashe taa. Tena kuna vipimo ambavyo haifanyi mpaka gari litimize masharti: injini ianze ikiwa imepoa kabisa, ipate moto, kisha gari liende mwendo usiobadilika kwa dakika kadhaa. Nani atapata mwendo usiobadilika Jogoo Road saa moja asubuhi? Gari linalotoka Donholm kwenda mjini, likisonga hatua tatu na kusimama, linaweza kumaliza siku nyingi bila kukamilisha kipimo hata kimoja cha namna hiyo. Kwa hiyo taa imezima kwa kuwa kompyuta haijapima bado. Mwanafunzi ambaye hajafanya mtihani hajafeli, lakini hajafaulu pia.

Ile dawa ya kuchomoa waya wa betri dakika kumi na tano ni mbaya zaidi, na nashangaa bado inafundishwa kwa vijana wanaoanza kazi. Inafuta namba na picha, na juu yake inafuta kila kitu injini ilichojifunza: kiasi cha hewa cha kuiwezesha kunguruma taratibu gari likiwa limesimama, na marekebisho ya petroli yaliyozoea uchakavu wake. Ndiyo maana magari mengine hurudi barabarani yakitetemeka na kuzimika kwenye raundabauti. Na kama ni Toyota yenye redio ya Japani, huenda redio nayo ikajifunga na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari hakupewa. Mtu alikuja na tatizo moja, anaondoka na matatu.

Turudi kwa mama wa Umoja. Alikuwa ameuziwa sensa ya oksijeni mara mbili, kwa sababu namba ilikuwa P0171 na mtu akaamua kwamba sensa inadanganya. Sensa ilikuwa inasema kweli, ndiyo iliyokuwa inapiga kelele kwamba hewa imezidi. Kwa kuwa picha za awali zilishafutwa, ilibidi niunganishe mashine na kutazama namba zikibadilika injini ikiwa hai. Gia ikiwa katika N, petroli ya ziada ilikuwa asilimia 6. Nikamwomba akanyage breki, atie D, aguse mafuta kidogo. Injini ikainuka upande mmoja, na namba ikaruka hadi 24. Nikafungua boneti na kuutazama ule mpira mnene unaotoka kwenye chujio la hewa, wenye mikunjo kama shingo ya kobe. Ukiutazama umetulia, mzima. Nikaukunja kwa vidole, ukafunguka ufa wa urefu wa kidole gumba ndani ya mkunjo wa chini. Hewa ilikuwa inaingia hapo baada ya kupita sensa inayoihesabu. Na ufa haukutokea bure: raba moja inayoshikilia injini ilikuwa imekatika, hivyo kila akiondoka kwenye tuta injini ilijitupa na kuuvuta mpira. Ungebadilisha mpira peke yake, ungepasuka tena.

Wengine hukimbilia kulaumu petroli. Petroli mbaya ipo, lakini mwaka 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuyachanganya na petroli kusilipe. Mimi huanza na mipira.

Sasa mambo ya kufanya, haraka. Taa ikiwaka bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, endesha, lakini lipeleke likasomwe wiki hiyo hiyo. Ikiwa inapepesa, punguza mwendo na uegeshe mapema, kwa kuwa petroli isiyoungua inakwenda kuunguza ekzosi kwa ndani. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni habari nyingine: zima injini papo hapo. Ukisomewa, piga picha kwa simu, namba pamoja na ile hali iliyohifadhiwa. Fundi aanze na vya bure: vibanio vya boksi la hewa, kifuniko cha oili, kijiti cha kupimia oili kama kimekaa sawa, kisha kila mpira ukunjwe kwa mkono. Halafu sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake, si kwa petroli wala kitambaa. Halafu shinikizo la pampu ya petroli. Sensa ya oksijeni huja mwisho, na kabla hujatumwa Kirinyaga Road kuinunua, muulize fundi amepima nini na amepata namba gani. Asipokuwa na jibu, weka pesa mfukoni.

Kazi ikiisha, hapo ndipo nafuta mimi mwenyewe. Jumapili asubuhi na mapema injini ikiwa baridi, chukua Eastern Bypass, nenda mwendo mmoja dakika ishirini, kisha niletee gari Jumatatu bila kugusa betri. Nitasoma tena ile asilimia.