Tarakimu Tano za Kuulizia Kabla Hujatoa Damu

Angelina Jolie alipoandika gazetini Mei 2013 kwamba amefanyiwa upasuaji wa matiti yote mawili ili kujikinga na kansa, stori mjini ilikuwa moja tu: mrembo kama yule, matiti! Wachache walisoma mpaka pale alipotaja pesa. Kipimo kilichoonyesha kwamba amerithi hitilafu kwenye jeni iitwayo BRCA1 kiligharimu zaidi ya dola 3,000 kule Marekani, na mwenyewe alikiri kwamba bei hiyo ni kikwazo kwa wanawake wengi.

Mwezi uliofuata, tarehe 13 Juni 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hakuna kampuni inayoweza kujimilikisha jeni ya asili. Kampuni ya Myriad Genetics, iliyokuwa imeshikilia kipimo hicho peke yake, ikapata washindani na bei zikaanza kushuka. Sasa kama una dada Houston, mchumba Minneapolis, au wewe mwenyewe unabeba boksi huko, utauliza: mbona bado watu wanatumiwa bili za kutisha?

Jibu ni namba. Marekani kila kipimo kina namba yake ya tarakimu tano, na wenye orodha hiyo ni Chama cha Madaktari cha Marekani. Kompyuta ya bima haijui mama yako alivyoteseka. Inasoma namba, basi.

Tena afadhali ya sasa. Mpaka mwisho wa 2012 maabara zilikuwa zinarundika namba kwa kila hatua ya kazi: kutoa DNA namba yake, kuizidisha namba nyingine, kuisoma nyingine tena. Bima ililipa rundo zima bila kujua ni jeni gani iliyopimwa. Ni kama kamati ya harusi kuletewa risiti za mkaa, vitunguu na mchele bila kuambiwa anayeoa ni nani! Mwaka 2013 mtindo huo ukafutwa, na jeni zinazopimwa sana zikapewa namba zake.

Angalia tofauti. Namba 81162 ni ya kusoma jeni za BRCA1 na BRCA2 mwanzo hadi mwisho. Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, inailipia kama dola 1,825. Namba 81215 ni ya kuangalia sehemu moja tu ya BRCA1, pale ambapo hitilafu ya ukoo imeshajulikana. Hiyo ni kama dola 375. Bima za kampuni zina bei zao, lakini pengo umeliona.

Ili upate hiyo ya bei nafuu, lazima uwe na majibu ya maabara ya ndugu yako aliyepimwa. Na hapo ndo mambo yetu yanapoingia. Mama alikufa kwa nini? "Alikuwa anaumwa kifua." Shangazi je? "Alirogwa." Dada mkubwa kapimwa, majibu kayaficha chini ya kanga kabatini, mdogo wake anaanza upya kwa bei ya juu. Hata sababu ya kupimwa ina alama yake, Z80.3, maana yake katika familia kuna aliyeugua kansa ya matiti. Daktari hawezi kuiandika kama humwambii. Isipoandikwa, bima inaweza kujibu kwamba hakuna haja ya kipimo.

Kwa mwanamke ambaye historia ya familia inamweka hatarini, sheria ya afya ya Obama ya 2010 inazitaka bima nyingi zilipie kipimo cha BRCA bila yeye kutoa senti, mradi atumie maabara iliyo kwenye mtandao wa bima yake. Kaka yake hayumo! Pendekezo ambalo sheria inalifuata linataja wanawake tu, ingawa baba naye anaweza kuirithisha jeni hiyo, nusu kwa nusu kwa kila mtoto, wa kike au wa kiume. Kwa hiyo shemeji, uliza bei kabla hujatema mate kwenye kichupa.

Kuna kipimo kingine kinachochanganywa na hiki: cha uvimbe wenyewe. Kwa mfano 81519, Oncotype DX, huangalia jeni 21 ndani ya uvimbe wa titi ili kusaidia kuamua kama mgonjwa anahitaji kemotherapi. Medicare hukilipia dola 3,873. Hakikuambii kama binti yenu amerithi kitu, hivyo msikae mkadhani mmeshamaliza.

Mkienda kwa daktari, nendeni wawili. Mmoja asikilize, mwingine aandike namba, kisha mpige simu bima mkaitaje. Asiye na bima ana haki, tangu 2022, ya kupewa makadirio ya bei kwa maandishi, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga. Mwenye bima akikataliwa ana siku 180 za kukata rufaa, na mara nyingine kosa ni herufi moja tu kwenye fomu.

La mwisho ni la wenye kupanga maisha pamoja. Sheria ya 2008 inakataza bima ya afya na waajiri wengi kukubagua kwa sababu ya jeni zako. Bima ya maisha haimo kwenye sheria hiyo. Kama mlikuwa na mpango wa kuinunua, ongeeni kwanza ni kipi kitangulie.