Nani Analipia Msimamo Wako?

Ukiiacha Himo na kupanda barabara ya Marangu, unaingia katika vijiji alikozaliwa Edwin Mtei mwaka 1932, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania na baadaye Waziri wa Fedha. Mwishoni mwa 1979 aliuacha uwaziri. Nchi ilikuwa imetoka kupigana na Idi Amin, mafuta yamepanda bei, na fedha za kigeni zimekauka. Mtei alikwisha kuzungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, akaona hakuna njia ila kukubali baadhi ya masharti yake, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi; wakati huo dola moja ilikuwa shilingi 8 na ushei. Mwalimu Nyerere alikataa, na Mtei akajiuzulu. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtu mmoja mwenye msimamo. Mimi naona ndani yake wawili, kila mmoja akishikilia alichokiamini kwa dhati, na kwa sababu hiyo haitoshi kumsifu mtu kwa kuwa hakuyumba. Tuulize pia gharama ya kutoyumba kwake ilimwangukia nani.

Mtei hakuwa mtu wa kususa kila alipopingwa. Februari 1967 mabenki yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, yeye alikuwa gavana, na hakuwa muumini wa siasa ile ya uchumi. Alibaki Benki Kuu hadi 1974. Yupo atakayeuita huo unafiki: kama alikuwa na imani yake, mbona hakuondoka siku ile ile? Nadhani jibu limo katika kazi yenyewe. Uamuzi ulikuwa wa chama na serikali. Wajibu wa gavana ulikuwa kulinda fedha na akiba za watu, na wajibu huo angeweza kuutimiza bila kusema uongo. Uwaziri wa fedha mwaka 1979 ulikuwa jambo jingine. Waziri ndiye msemaji wa sera. Angebaki, angelazimika kusimama bungeni na mbele ya wakopeshaji kutetea jambo aliloamini litaiumiza nchi. Alichokitoa ni cheo chake mwenyewe, na aliyekilipia ni yeye.

Nyerere naye alijua kulegeza. Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora, wanachama wengi walitaka kuususia uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ulikuwa utaratibu wa kudhalilisha katika nchi ambayo karibu watu wake wote walikuwa Waafrika. Nyerere aliwasihi waukubali, kwa kuwa kususa kungewaachia viti wapinzani wao wa chama cha UTP. Zuberi Mtemvu aliliona jambo hilo ni usaliti, akajitenga na kuunda chama chake. Lakini TANU ilishinda, na Desemba 1961 nchi ikawa huru. Machungu ya Tabora yaliwapata wale wale walioyakubali, tena kwa muda mfupi, na lengo halikuguswa. Kwa nini basi mtu huyo huyo hakulegea mbele ya IMF? Kwa sababu alihofia kwamba safari hii watakaobanwa ni maskini, kwenye shule na zahanati zao. Anayeuita huo ukaidi mtupu hamtendei haki.

Hata hivyo kukataa nako kulikuwa na walipaji wake, na wengine waliishi Himo. Mpaka wa Kenya, mwendo mfupi kupitia Holili, ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sabuni na sukari ziliadimika, na shilingi haikununua ilichodaiwa kununua. Kahawa ya mlimani ikapita njia za panya kwenda Kenya. Kisha mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Watu wa Himo hawakuapa kwa IMF wala kwa Azimio, lakini bili ilifika mezani kwao. Makubaliano na IMF yalipotiwa saini mwaka 1986 chini ya Rais Mwinyi, dola ilipanda kutoka shilingi 17 hivi hadi 40, na baadaye wananchi wakaanza kuchangia gharama za elimu na matibabu. Hofu ya Mwalimu ilikuwa na msingi. Lakini naamini kuchelewa miaka saba kuliongeza maumivu. Anayeshika msimamo unaolipiwa na wengine anapaswa kuwasikiliza wengine hao zaidi ya anavyoisikiliza dhamiri yake.

Msomaji anaweza kusema kwamba Mtei alikuwa msomi na angepata pa kushika. Mkulima anayeshusha magunia sokoni ataacha nini, na aende wapi? Pingamizi hili ni zito. Lakini naye ana mpaka wake. Bei ni yake. Akiishusha kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa, hasara ni yake na hana wa kumlaumu. Lumbesa si yake peke yake. Akikubali gunia lijazwe kupita kipimo, anamfanya jirani yake naye ashindwe kukataa. Mnunuzi atahamia kwa mwingine, ndiyo, na sheria inayokataza lumbesa haitamlinda mkulima ikiwa safu nzima ya wauzaji imekwisha kuikubali. Msimamo wa namna hii haubebwi na mtu mmoja. Wakulima wa kahawa wa mlima huu, wenye vihamba vidogo ambavyo kimoja kimoja havikumtisha mnunuzi yeyote, waliungana katika chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 ili wauze kwa pamoja.