Bunduki ya hewa ikipoteza nguvu, chanzo hutafutwa kabla ya kuifungua

MNAMO Agosti 30, 1803, Kapteni Meriwether Lewis alisimamisha mashua yake katika kisiwa kidogo cha mto Ohio, karibu na mji wa Pittsburgh nchini Marekani, akawaonyesha wenyeji bunduki ya ajabu ambayo haikuhitaji baruti. Ilitumia hewa iliyoshindiliwa ndani ya kitako chake.

Baada ya kuifyatua mara kadhaa, alimkabidhi mtu mmoja ambaye hakujua namna ya kuitumia. Bunduki hiyo ikafyatuka yenyewe. Risasi ilipenya kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40 hivi na kumchana kando ya paji la uso. Mwanamke huyo alianguka huku akivuja damu nyingi, na waliokuwepo walidhani amekufa. Kwa bahati nzuri, jeraha lilikuwa dogo na alipata fahamu.

Bunduki hiyo iliendelea na safari hadi Bahari ya Pasifiki, na katika safari hiyo iliharibika zaidi ya mara moja. Juni 10, 1805, fundi wa vyuma wa msafara huo, John Shields, aliiwekea springi kuu mpya. Agosti 7 mwaka uo huo, Lewis aliikuta na kasoro nyingine: vilengeo vyake vilikuwa vimetoka mahali pake. Alivirudisha, akaijaribu, na kuandika katika kumbukumbu zake kwamba ilikuwa inapiga vizuri kama awali.

Zaidi ya miaka 200 imepita tangu wakati huo na muundo wa bunduki hizi umebadilika mno. Hata hivyo, mambo yanayowasumbua wamiliki wake ni yale yale: springi, vilengeo na mkono wa mtu asiyejua anachokishika.

Bunduki ya hewa inayopatikana kwa wingi zaidi leo ni ile inayokunjwa mtutu. Mwenye kuitumia huuvunja mtutu kuelekea chini, na kitendo hicho huivuta pistoni nyuma ndani ya silinda na kuikandamiza springi nzito hadi inaponaswa na kidoko cha kifyatulio. Kijirisasi cha madini laini ya risasi, chenye kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5, hutiwa mwanzoni mwa mtutu, kisha mtutu hurudishwa. Kifyatulio kikivutwa, springi huisukuma pistoni mbele kwa kishindo, nayo hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupenya katika tundu jembamba hadi nyuma ya kijirisasi.

Ni vyema kuuelewa mpangilio huu, kwani karibu kila ugonjwa wa bunduki hizi hutokana na mojawapo ya mambo mawili. Ama hewa inavuja kabla ya kufika kwenye kijirisasi, au pistoni haisukumwi inavyostahili.

Kabla ya uchunguzi wowote, bunduki yapasa kuchukuliwa kuwa imejazwa hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni tupu. Mtutu huelekezwa mahali pasipo na mtu, na hakuna anayepaswa kuchungulia ndani yake kutoka mbele. Vijirisasi hivi ni vidogo, lakini vinaweza kutoboa jicho na kulipofusha. Aidha, mtutu ukiwa umekunjwa, mkono mmoja hauna budi kuendelea kuushika wakati wote. Kidoko kikiteleza, mtutu hujirudisha kwa nguvu ya kuvunja vidole vya anayetia kijirisasi.

Malalamiko yanayosikika sana ni kwamba bunduki imelegea: zamani ilikuwa ikitoboa mkebe, sasa inaubonyeza tu. Wengi hukimbilia kununua springi mpya. Hilo ni kosa, kwa kuwa springi mara nyingi ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

La kwanza kuangaliwa ni vijirisasi vyenyewe. Vilivyobonyea, vilivyoota kutu nyeupe au visivyotoshea mtutu huo vyema huacha hewa ipite kando yake. La pili ni uchafu wa mtutu. Ndani yake mna mifereji inayozunguka ili kukipa kijirisasi mzunguko, na mifereji hiyo huziba kwa mabaki ya risasi na mafuta. Kitambaa laini kilichofungwa kwenye uzi imara na kuvutwa kutoka upande wa nyuma hadi mbele, mara kadhaa hadi kitoke safi, hutosha. Fimbo ya chuma haifai kwa sababu hukwaruza mifereji hiyo.

La tatu ni sili ndogo ya mviringo iliyo pale mtutu unapokutana na silinda. Hiyo ni mpira au plastiki na katika bunduki kuukuu huwa ngozi. Kila mtutu unapofungwa sili hii hugandamizwa, na baada ya miaka kadhaa hukauka, hupasuka au huwa bapa. Hapo hewa hupata njia ya mkato.

Kuna jaribio jepesi ambalo mafundi wamelitumia kwa muda mrefu. Kipande chembamba cha karatasi ya shashi huwekwa juu ya kiungo hicho, kisha bunduki iliyotiwa kijirisasi hufyatuliwa kuelekea kwenye kizuizi salama. Karatasi ikiruka au kuchanika, hewa inavuja. Ikitulia, sili ni nzima.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Sili ya zamani hutolewa kwa sindano na mpya huingizwa kwa kidole. Inatakiwa kujitokeza kidogo sana juu ya uso wa chuma ili ipate kubanwa. Ikizama, washa nyembamba ya karatasi ngumu chini yake huiinua. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakizungumzia bunduki, lakini mwenye kuupuuza uvujaji huu huishia kubadilisha vyombo vya ndani visivyokuwa na hatia.

Ikiwa sili hiyo ni nzima na nguvu bado ni haba, masikio ndiyo hufanya uchunguzi. Springi iliyovunjika hukwaruza na kugugumiza mtutu unapokunjwa, na wakati mwingine ukunjaji huwa mwepesi ghafla. Ajabu ni kwamba springi iliyokatika vipande viwili inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miezi, kwa nguvu pungufu, huku mwenyewe akiamini ni uzee tu. Kwa upande mwingine, kishindo kikavu cha chuma kwa chuma huashiria kwamba sili ya kichwa cha pistoni imechakaa. Hewa inapotoroka pembeni, hapabaki mto wa kuipokea pistoni mwishoni mwa safari yake, nayo hujibamiza kwenye ukuta wa silinda.

Kujibamiza huko ndiko hutokea pia pale bunduki inapofyatuliwa bila kijirisasi. Watoto na wageni hupenda kufanya hivyo ili kusikia mlio. Mchezo huo huvunja springi na kupasua sili kuliko matumizi ya kawaida ya miaka mingi. Kuiacha bunduki ikiwa imekokiwa kutwa nzima nako huichosha springi.

Lakini adui mkubwa wa bunduki hizi ni mafuta. Bunduki ikilegea, mwenyewe huchukua mafuta ya cherehani au ya injini akayadondosha katika tundu la hewa. Siku hiyo hiyo bunduki hupata uhai mpya! Hutoa mlio kama wa baruti, hufuka moshi na kupiga kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwenyewe hufurahi.

Kinachotokea ni sawa na kinachotokea ndani ya injini ya dizeli. Pistoni huibana hewa kwa ghafla, joto hupanda, na mvuke wa mafuta huwaka. Moshi mwepesi katika bunduki mpya si jambo la kutisha, kwa kuwa yale ni mafuta ya kiwandani yanayoungua katika mipigo ya mwanzo. Mlipuko unaojirudia ni jambo jingine kabisa. Huchoma sili, huirudisha pistoni nyuma kwa kishindo na kuivunja springi. Baada ya wiki chache bunduki huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya kupewa hiyo dawa. Ni sili za ngozi za bunduki za kale tu ambazo huhitaji tone la mafuta mara moja moja ili zisikauke.

Bunduki ikibidi kufunguliwa, hapo ndipo hatari halisi ilipo. Watu wengi hudhani kwamba bunduki ambayo haijakokiwa haina nguvu ndani yake. Sivyo. Springi huwekwa kiwandani ikiwa tayari imekandamizwa, na katika bunduki nyingi urefu uliobanwa ni sentimita kadhaa. Anayeondoa pini au kifuniko cha nyuma bila kuizuia hurushiwa vipande vya chuma usoni.

Kwa hivyo silinda hufungwa katika kibanio kirefu chenye skrubu, ambacho fundi anaweza kujitengenezea kwa mbao ngumu. Skrubu huibana nyuma ya springi kwanza, pini hutolewa, kisha skrubu hulegezwa polepole mpaka springi imalize nguvu zake. Uso wa fundi hukaa kando na miwani ya kukinga macho haivuliwi. Asiye na kibanio hana sababu ya kuifungua, na hakuna aibu kuipeleka kwa fundi wa bunduki aliyeidhinishwa.

Ndani, kazi yenyewe si ya miujiza. Grisi kuukuu husafishwa yote na kuta za silinda hukaguliwa kama zina mikwaruzo. Springi hulazwa juu ya meza bapa na kubingirishwa. Iliyopinda hujionyesha mara moja. Sili mpya ya pistoni huingizwa kwa uangalifu isikatwe na kingo kali za silinda, jambo ambalo huwapata hata wazoefu. Grisi ya molibdeni hupakwa utando mwembamba kwenye mwili wa pistoni, na grisi nzito kidogo kwenye springi ili kutuliza mtetemo. Mbele ya sili hapapakwi kitu.

Kifyatulio ni habari nyingine. Bunduki ikikataa kunasa au ikijifyatua yenyewe, huenda kuna grisi iliyoganda, na kuisafisha kutamaliza tatizo. Lakini ikiwa kidoko kimelika, tupa isikaribie. Ugumu wa chuma hicho mara nyingi uko juu juu tu, na ukishasuguliwa, kidoko huteleza bila onyo. Sehemu hiyo hubadilishwa, haichongwi.

Yapo pia malalamiko ya bunduki yenye nguvu lakini isiyolenga. Hapa bisibisi hutatua mengi. Springi na pistoni huitikisa bunduki nyuma na mbele katika kila mpigo, na skrubu za kitako na za vilengeo hulegea taratibu pasipo mtu kutambua. Mtikisiko huo wa pande mbili huharibu hata darubini za kulengea ambazo zimestahimili bunduki kubwa za baruti, kwani hizo husukuma upande mmoja tu. Mtutu unaochezacheza kwenye bawaba yake nao hukazwa. Wakati mwingine kasoro ni ya mshikaji: bunduki ya springi haipendi kubanwa, hulenga vyema ikilazwa juu ya kiganja kilicho wazi.

Bunduki zinazotumia mtungi wa hewa iliyoshindiliwa hazina springi hiyo kubwa, na kasoro zake nyingi ni mipira ya mviringo inayovuja. Mgandamizo wake, hata hivyo, huweza kufikia ba 200, takriban mara 100 ya ule wa gurudumu la gari dogo. Mtungi humwagwa hewa yote kabla ya skrubu yoyote kuguswa, na mafuta ya petroli au ya injini hayatumiki humo kamwe kwa kuwa yanaweza kulipuka.

Kuna bunduki ambazo haziumwi hata kidogo. Nchini Ujerumani, bunduki ya hewa inayouzwa bila kibali haipaswi kuzidi nguvu ya jouli 7.5, nayo hupigwa chapa ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Aliyeinunua ikiwa imetumika, akaifananisha na ya jirani, ataiona dhaifu ilhali iko sawasawa na ilivyoundwa.

Kuitia springi nzito bunduki kama hiyo ni kubadilisha hadhi yake mbele ya sheria. Nchini Uingereza mpaka wa bunduki ndefu ni futi-pauni 12, yaani jouli 16.3 hivi, na ikivuka hapo huhitaji cheti kama silaha nyingine. Scotland imekwenda mbali zaidi, ambako tangu Desemba 31, 2016, hata zilizo chini ya kiwango hicho zinahitaji leseni. Nchini Kenya silaha husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayetaka kununua, kuingiza nchini au kufungua bunduki ya hewa hana budi kupata mwongozo wa Bodi ya Leseni za Silaha kwanza.

Ndiyo maana fundi makini hamalizi kazi bila kipima kasi. Kijirisasi cha nusu gramu kikienda mita 240 kwa sekunde kina nguvu ya jouli 14.4. Kasi ikishuka hadi mita 160, nguvu huporomoka hadi jouli 6.4, maana upungufu mdogo wa kasi hula nguvu nyingi. Fundi hupiga mara 10 kwa vijirisasi vya aina moja. Namba zikikaribiana, sili zimekaa. Zikiyumba kwa mita 20 au 30, kuna mahali hewa bado inatoroka, au kuna mafuta yanayoungua. Wastani huandikwa kwenye kikaratasi pamoja na tarehe, kikawekwa ndani ya mfuko wa bunduki, ili siku mwenyewe atakaposema tena kwamba imelegea, pawe na kitu cha kulinganisha.